Samaki Aliyekosa Mnunuzi

Kwa miaka mingi nimekana, mbele ya mume wangu, mbele ya wenzangu kazini, na mara moja mbele ya ofisa wa forodha aliyekuwa ameinua fulana ya mbwa kwa ncha za vidole, kwamba ile akaunti ya kununulia vitu kwenye mnada wa intaneti ilikuwa yangu. Ilikuwa yangu. Jina langu, sanduku langu la posta, na kadi ya benki niliyorudi nayo kutoka masomoni Ulaya, kadi ambayo pamoja na shahada ndiyo mali yote niliyoleta. Hata kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Sauti iliyosema "bonyeza" ndiyo haikuwa yangu, na leo nataka kumweleza mwenye sauti hiyo.

Alikuwa dalali. Madalali mjini Unguja hawakuwa haba, wa nyumba, wa viwanja, wa samaki. Lakini ukisema Dalali ukanyamaza hapo, kila mtu alijua unamkusudia yeye, aliyenadi vitu vya majumbani pale Darajani: vitanda, saa za ukutani, masanduku, cherehani za marehemu, mapazia ya watu waliohama. Sisi tulimjua zaidi kwa kuwa tulikaa naye jengo moja Michenzani, sisi ghorofa ya tatu, yeye ya nne, na sauti yake ilikuwa ya jengo zima. Akirudi nyumbani akakuta kasahau ufunguo, alimwita mkewe kutoka barabarani mara moja tu, na madirisha ya jengo la mkabala nayo yakafunguka.

Nilipokuwa msichana, katikati ya miaka ya themanini, bidhaa zilianza kumiminika kutoka Dubai, na kila aliyepata redio mpya alitaka kuiuza ya zamani. Huo ndio ulikuwa msimu wake wa neema. Tukitoka skuli tulipita Darajani makusudi tumsikilize. Kabla ya kuanza alikuwa na utangulizi wake, ambao tuliuhifadhi kuliko mashairi ya darasani.

"Anayetaka ataje! Asiyetaka asitaje! Anayetaja bei ya kitu asichokitaka kamdhulumu muuzaji na kamdhulumu mnunuzi, na mie sitaki kusimama naye kesho kiyama!"

Halafu huanza na kasoro. "Kitanda hiki mguu mmoja una homa. Usikiweke karibu na ukuta wa jirani." Au, "Saa hii yaenda mbele. Yamfaa mtu mvivu." Alikuwa akisema kasoro ikitangulia huwa sifa, ikifuata nyuma huwa kesi.

Tabu ni kwamba desturi hiyo hakujua kuiacha kazini. Waliwahi kumtuma kuposa, kwa kuwa ana ulimi mzuri. Akakaa mbele ya wazee wa msichana, akanywa kahawa, akasema, "Kijana tumekuleteeni. Anasali, ana kazi, ana huruma kwa mama yake. Kasoro zake, anakoroma, akiwa na njaa hasemezeki, na hesabu hana hata kidogo." Baba wa kijana, aliyekuwa kakaa pembeni, nusura aangushe kikombe. Baba wa msichana akacheka mpaka kofia ikamteleza, akasema hajapata kuletewa mchumba na maelezo kamili namna ile, na akakubali. Ndoa ipo mpaka leo. Mke akiudhika humwambia mumewe, "Nshaambiwa mbele, sina pa kushitakia." Hata hivyo hawakumtuma tena.

Na mtu huyu aliyeweza kuuza chochote hakuweza kununua hata fungu la mchicha. "Mume wangu akenda sokoni," mkewe alikuwa akimwambia mama yangu, "huuliza bei, akasikitika, akaongeza." Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, na kila neno lilikuwa limenolewa. Kasoro za dunia nzima Dalali alizitaja kwa furaha. Yake mwenyewe ukiitaja, alikuwa na sikio moja bovu, na likawa bovu palepale.

Kitu kimoja hakuweza kukivumilia, kitu cha mnadani kukosa mtu wa kukitaja. Mwenye kitu huwa kasimama hapohapo, mara nyingi mjane, au mtu aliyeishiwa. Kitu chake kikiinuliwa juu na watu wakanyamaza, ni kama kainuliwa yeye. Basi Dalali hutaja bei mwenyewe. "Mie naanza!" Huko hakukuwa kununua, na Darajani nzima ilijua. Ilikuwa adabu. Ama atatokea mwengine afuate, ama kitu kitarudi kwao kikiwa kimeshatajwa, na mwenyewe aende zake kichwa juu akisema, "Kilipata bei, nimekataa mie."

Ni adabu hiyo iliyomtia mikononi mwa mjane mmoja wa Uskoti asiyemjua wala kumwona, ambaye mwishowe akawa mtu pekee duniani aliyebaki kati yake na safari ya Hija.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Dalali alikuwa keshastaafu, na mwanawe aliyekuwa Maskati akimwandikia barua pepe kupitia kwangu. Tulikwenda pamoja kwenye duka la intaneti la Mkunazini, nikamsomea, akajibu kwa sauti ya Darajani, na duka zima likajua habari za wajukuu. Siku moja tulipomaliza nikafungua ukurasa wa mnada wa ng'ambo. Nilisema natafuta vitabu vya utafiti. Nilikuwa natafuta mkoba.

"Hicho nini?" akauliza.

"Mnada, ami."

"Dalali wao yuko wapi?"

"Hawana. Kila mtu anaandika bei yake, na muda ukimalizika, aliye juu ndiye aliyechukua."

Akakisogelea kioo. "Na hizi sifuri?"

"Hivyo havijapata mtu wa kuvitaja."

"Tangu lini?"

"Huenda wiki."

"Wiki!" Watu wakageuka. "Kitu cha watu kimesimama juani wiki nzima na hapana hata mmoja aliyeona haya?"

Nikamweleza kwamba hakuna jua, ile ni picha. Haikusaidia. Kidole chake kilikuwa kishatua juu ya samaki. Alikuwa samaki mkubwa mwenye meno, wa maziwa ya nchi za baridi, aliyetiwa dawa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo, na chini yake kibao cha shaba chenye jina la aliyemvua.

"Ng'onda," akasema, kama aliyeona samaki mkavu wa sokoni.

"Ng'onda wa kutazamwa tu, ami. Haliwi."

"Masikini. Haliwi wala hatakiwi. Taja."

"Ukitaja ndo ushanunua."

"Mwanangu, kazi hii nimeifanya weye hujazaliwa. Taja, watafuata."

Mimi, mwenye shahada mbili, nikabonyeza.

Hawakufuata. Mwenye samaki, yule mjane wa Uskoti, akaandika kutupongeza na kuuliza tunapenda atufungie vipi. Dalali akastaajabu. "Mwambie arudi naye kwake, ashatajwa." Nikaliandika hilo kwa Kiingereza bora kabisa cha tasnifu yangu. Akaandika tena, safari hii bila ya upole. Kisha ikaja alama nyekundu kando ya jina langu, na sentensi moja ambayo dunia nzima iliweza kuisoma. Nilimfasiria Dalali kama ilivyokuwa, "Huyu hutaja bei ya vitu asivyovitaka. Jihadharini naye."

Nimewaona watu wakipokea habari za msiba kwa maneno mengi zaidi. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akavaa viatu vyake akaondoka bila ya kuaga, yeye aliyekuwa akiaga hata paka.

Alikwenda kwa sheikh wa msikiti wake. Alinihadithia mwenyewe baadaye, kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake.

"Nimemwambia, nia yangu ilikuwa huruma. Akanuliza, huruma hiyo umeitolea nini? Nikamwambia, bei. Akasema, uliitoa? Nikamwambia, la. Akasema, basi mtake radhi."

Mtu mwengine angeacha kutaja. Dalali aliona haya kumwandikia yule mjane, akaahirisha, na katika kutaja akaenda kinyume. Aliweka sharti kwamba kuanzia siku ile kila atakachokitaja atakinunua, na kuacha kutaja ndiko kulikomshinda. Akiona sifuri, pumzi zinampaa. Ndipo vikaanza kuja vifurushi. Nilivichukua posta kwa jina langu na kuvipandisha ngazi za Michenzani jioni, nikiomba nisikutane na mtu, na kila mara nilikutana na mtu.

Lilikuja sepetu pana la kuondolea theluji. Likapelekwa kwa shemeji yake Kizimbani, akaligeuzia karafuu zilizoanikwa mkekani, na nimeambiwa wenzake walikuwa wakimwazima. Vikaja viatu vyenye visu chini, vya kutelezea kwenye barafu. Mkewe akavitazama pande zote. "Wao huchinja kwa miguu?" Vile visu viliishia Nungwi kwa jamaa zake, wakavitumia kukwangulia magamba kwenye mashua. Kikaja kikombe kikubwa cha ushindi wa mbio za njiwa, kimechorwa jina la mtu, na Dalali akakiweka juu ya televisheni. Mgeni akiuliza, alijibu kweli tupu: "Si changu. Mshindi mwenyewe simjui. Lakini alishinda."

Ile fulana ya sufi ilikuwa na mikono minne. Tulikaa sote watatu tukaigeuza na kuigeuza. "Labda ya pacha," akasema Dalali. Mkewe aliona yafaa kufunikia birika la chai, na ikalifunika vizuri, kila mkono ukapata kazi yake, mpaka nilipopata picha ya tangazo na kuona aliyeivaa ni mbwa. Mkewe alinisikiliza, akalichukua birika na fulana yake, akatoka nalo nje kwa mkono ulionyooka. Aliporudi alisema maneno machache. "Umekuwa jaa la Wazungu, weye. Bado kukuletea kaburi lao."

Dalali sikio lake lilikuwa bovu.

Wale wauzaji wote walimpenda. Kila alichonunua alinilipa papo hapo, na kila muuzaji alimpelekea salamu, dua, na swali kuhusu afya ya watu wa nyumbani, ambalo mimi nililifasiri huku nimefumba macho. Walijibu. Mmoja wa Kanada alimweleza habari za figo zake kurasa mbili. Zikajipanga alama za kijani, safu nzima, na katikati yake ile nyekundu moja. Macho ya Dalali hayakuziona za kijani.

Kisha wanawe wakachanga, akapata nafasi ya kwenda Hija.

Kwetu mtu hatoki kwenda Makka na dhulma mgongoni. Huzunguka mji kwanza akiwataka watu radhi. Wengine huifanya ziara hiyo kama kupokea hongera. Dalali aliifanya kama kazi. Alimtafuta kila aliyemkumbuka, mpaka walionunua vitanda vya mguu wenye homa. Mmoja alimwambia kitanda ni kizima, aliyemdhulumu ni yeye, maana alilipa noti mbovu. Wakasameheana wakalia. Dalali mwenzake wa zamani, mshindani wake, alikataa katakata kumsamehe mpaka kwanza akiri kwamba sauti yake ilikuwa nzuri zaidi. Dalali alirudi nyumbani, akalala juu ya jambo hilo, asubuhi akaenda akakiri. Aliniambia hakuna ibada iliyomchosha kama ile.

Akabaki mmoja. Nilimwandikia yule mjane kwamba tuko tayari kumchukua samaki kwa bei ileile, na gharama za posta juu yetu. Kimya. Nikaandika tena, nikiongeza maneno ya kuomba msamaha. Kimya. Mara ya tatu nikajibiwa na mashine kwamba mwenye akaunti hayupo tena.

"Hayupo tena ni kufa?" akauliza Dalali.

"Ni kufunga akaunti, ami."

"Una hakika?"

Sikuwa nayo. Alikaa pale kwenye kiti cha duka la intaneti, mikono magotini. "Akiwa kafa na hakunisamehe," akasema, "mie nakwenda kumwambia nini Mola wangu? Kwamba mtandao ulikatika?" Na akasema, kwa utulivu ulionitisha, kwamba nafasi yake atampa mtu mwengine aende, yeye atangoja.

Mkewe alishuka ghorofa moja jioni ya siku ya tatu akaja kwangu. Hakukaa. "Kazi yake ilikuwa kusema," akasema, "sasa yapata siku ya tatu hasemi. Mtafute huyo bibi. Hata kama yuko kaburini mtafute, uniambie."

Katika ujumbe wake wa kwanza, ule wa upole, mjane alikuwa kaandika namba ya simu ya nyumbani. Hatukuwahi kuipiga. Kiingereza changu ni cha kuandikwa. Kwenye simu hunitoka jasho, na Kiingereza cha Uskoti nilikisikia mara moja masomoni nikadhani mtu ananiimbia. Lakini nilinunua vocha, nikapanda ghorofa ya nne baada ya sala ya alasiri, nikaiweka simu ya mkononi juu ya meza na kuipaza sauti. Dalali alikuwa kavaa kanzu safi na kofia, kama mtu aendaye kuposa. Mkewe kasimama mlangoni mwa jiko.

Simu ikalia muda mrefu. Kisha sauti ya kizee, yenye hasira ya mtu aliyeinuliwa kitini.

"Anasema hanunui kitu," nikafasiri.

"Mwambie hata mie siuzi. Yu hai! Alhamdulillahi! Mpe salamu. Muulize hajambo, na watu wa nyumbani hawajambo?"

"Anasema hana watu wa nyumbani. Anauliza sisi nani."

"Mwambie."

Nikamwambia: Zanzibar, mnada, samaki. Vocha ikawa inaliwa. Kisha yule bibi akaanza kusema, polepole, na nikajikuta namfahamu kila neno.

"Anasema anatukumbuka. Anasema siku bei yako ilipotokea, alimpigia simu dada yake kumwambia kuna mtu kamtaka samaki wa marehemu. Alinunua majani ya kumfungia. Alimpangusa kioo. Halafu ukaandika arudi naye nyumbani. Anasema, nyumbani ndiko alikokuwa samaki tangu hapo. Anauliza kwa nini ulitaja."

Dalali akaitazama simu. Nikanong'ona, "Ami, nimwambie palitokea hitilafu ya mtambo."

"Hapana. Mwambie sikumtaka. Mwambie nlimwona kakaa peke yake, hana hata mmoja wa kumtaja, nikaona haya kwa ajili ya mwenyewe. Mwambie hivyohivyo. Usipambe."

Nilitaka sana kupamba. Nilisomea kupamba. Nikasema kama alivyosema, sikumtaka, nilimwonea haya. Simu ikatoa sauti ya kukwama, kama mtu anayepaliwa, ikakwama tena, na mkewe Dalali akatoka jikoni akashika ukingo wa meza. "Mshamliza bibi wa watu."

Hakuwa akilia.

"Anacheka," nikasema. "Anasema... ngojeni. Anasema hata yeye hajapata kumtaka. Marehemu alimtundika ukumbini wiki waliyooana, na maisha yake yote, akipita na nguo za kufua, samaki anamtazama. Alimweka mnadani wiki ya mazishi. Anasema alipokosa mnunuzi aliona aibu, hajui aibu ya nini."

"Aibu ya kitu kukosa wa kukitaja," akasema Dalali. "Naijua. Yuko wapi sasa?"

"Kamrudisha ukutani. Anasema pale alipotoka palibaki peupe, kiasi chake hasa, na ule weupe ulimtazama vibaya kuliko samaki. Sasa wamezoeana. Anasema akija mtu leo kumtaka, hauzwi."

"Hauzwi!" Dalali akapiga paja. Sauti ilikuwa imerudi. Nikasikia dirisha la mkabala likifunguka. "Basi kanisamehe?"

"Ami, si amecheka?"

"Kucheka si radhi. Atamke."

Nikamweleza bibi kwamba mzee anakwenda Makka, na hawezi kutoka mpaka atamkiwe. Akauliza kama ni kweli watu husafiri hivyo. Nikamwambia kwetu ndivyo. Akasema, na nikafasiri neno kwa neno.

"Anasema amekusamehe, kwa moyo mmoja. Na anasema, kama huko uendako maombi hupokewa, umuombee goti lake."

Dalali alifumba macho, midomo ikamcheza bila ya sauti. Mkewe akageuza uso, akatazama jikoni. Nilinyoosha mkono niage, salio lilikuwa linakwisha, lakini Dalali aliushika.

"Ngoja," akasema. "Muulize goti lipi. Nisije nikaombea lile zima."